Karte ya Dancille

Wiki iliyopita tulifunga ukurasa huu huku mlango wa chumba cha upasuaji ukisukumwa kwa kiatu cha askari, na sauti ikiuliza ni nani humu ndani anaitwa Uwingabire Dancille.

Kazi haikusimama.

Dokta Mulumeoderhwa alikuwa na mikono yote miwili ndani ya tumbo la mama mmoja aliyeletwa kwa pikipiki kutoka njia ya Rutshuru, mimba imempasukia ndani, damu imeshamjaa. Katungu, msaidizi wa kliniki, alikuwa ameshika taa. Na Dancille mwenyewe alikuwa ameketi kichwani mwa mgonjwa, mkono wake wa kuume ukibana mfuko wa mpira na kuuachia, ukibana na kuuachia.

Mfuko ule ndio uliokuwa pumzi ya mama yule. Dawa ilikuwa imemlaza usingizi mzito hata kifua chake kikasahau kazi yake.

"Ni mimi," Dancille alisema. Hakusimama.

Mkubwa wa askari, ambaye wenzake walimwita Ajida kwa cheo chake, alieleza shida yake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi siku hiyo. Mgeni yeyote aliyekutwa akifanya kazi mjini Goma bila karte, kibali cha kazi, anarudishwa kwao. Lori liko nje. Limekwisha kujaa nusu. Asimame waende.

"Nikisimama, huyu mama anakufa."

Ajida aliutazama ule mfuko, akamtazama mgonjwa, akaona ni maneno ya mwanamke anayetafuta njia ya kukwepa. Akamwonyesha askari wake kwa kidevu. Askari akapiga hatua moja.

Hapo ndipo Dokta Mulumeoderhwa aliposema, na hakuinua kichwa. Alikuwa mzee wa Kishi kutoka upande wa Bukavu, mpole, mtu wa kusema kidogo.

"Mukamate," alisema. "Lakini kwanza wewe Ajida ukuje ushike huu mupira. Na ukikosea, ni wewe utatoka uende kuambia bwana yake. Iko pale inje kwenye benchi. Umemupita ukiingia."

Askari alisimama alipofika. 

Kisha Ajida alifanya jambo ambalo Dancille hakulitegemea. Alivua kofia, akaibana kwapani, akaegemea ukuta kusubiri, macho hayabanduki kwenye dirisha, kana kwamba mwanamke aliyebeba pumzi ya mwenzake mkononi angeweza kurukia nje.

Basi wakashona wakitazamwa na bunduki.

Mwaka ule wa tisini na sita, kila mtu Goma alijua maana ya lori lile. Serikali ya Zaïre ilikuwa imechoka na wakimbizi Wanyarwanda. Walikuwa wamevuka mpaka kwa maelfu na maelfu mwaka wa tisini na nne, wakatandaza mahema juu ya mawe meusi ya volkano hadi jicho linachoka, na sasa amri ilikuwa imetoka: mkimbizi akae kambini, asilime, asichuuze, asifanye kazi mjini. Anayetaka kazi awe na karte. Na karte haikuwa kitu cha kuokota.

Kwa wengine, kurudishwa kambini ilikuwa shida tu. Kurudishwa ng'ambo ilikuwa hofu. Kwa Dancille, sehemu zote mbili zilikuwa kaburi moja lenye milango miwili.

Kule kwao alikuwa muuguzi wa usingizi katika hospitali moja ya mlimani. Siku wauaji walipoingia, wagonjwa walitolewa vitandani mmoja mmoja, wakapelekwa nyuma ya jikoni. Dancille alikuwa chumba cha ndani na mgonjwa aliyefunguliwa tumbo, akibana mfuko kama huu. Alisikia yote. Hakutoka. Mgonjwa wake mmoja alipona, wengine wote walikufa, na baadaye waliohesabu maiti waliuliza imekuwaje muuguzi huyu abaki mzima akiendelea na kazi. Jina lake sasa lilikuwa mikononi mwa wale walioshinda vita, kama mshukiwa.

Kambini nako walikuwako wauaji wenyewe. Walijua alikuwa mle ndani. Walijua ana macho. Mwanzoni walimsalimia vizuri tu, wakamletea hata unga. Kisha mwanamke mwenzake aliyekuwa zamu siku ile ile akakutwa amekufa karibu na bomba la maji. Kulipokucha Dancille akashika njia ya Goma kwa miguu, hana hata kikapu.

Dokta Mulumeoderhwa alimpokea kwenye kliniki yake ndogo pale Himbi, karibu na ziwa, bila kumuuliza zaidi ya kazi anayoijua. Hapo alikuwa amekaa zaidi ya mwaka. Hapo ndipo mahali pekee duniani alipoweza kulala akafumba macho yote mawili.

Na sasa uzi wa mwisho ulikuwa unafungwa.

Dancille alipunguza dawa. Akangoja. Kifua cha mama yule kikatetemeka, kikapanda chenyewe, kikashuka, kikapanda tena. Dancille aliuachia mfuko, akainama sikioni mwake akamwita kwa Kinyarwanda, kwa kuwa mama huyo alikuwa wa familia za Kinyarwanda za Rutshuru. Mama akafungua macho. Akauliza kama mtoto yuko. Dancille akamwambia mtoto hayuko, yeye yuko.

Alipoinua uso, alikutana na macho ya Katungu. Katungu aliyakwepesha haraka, akazima taa.

Msomaji mgeni ajue Katungu ni nani. Alikuwa msichana wa Kinande kutoka Butembo, mwenye akili nyepesi na mikono iliyotulia, na mwaka mzima Dancille alikuwa amemfundisha kazi yake yote kama mtu anavyomfundisha mdogo wake wa tumbo moja. Walikuwa wakila sahani moja. Lakini siku hizi za karibuni Katungu alikuwa amebadilika. Salamu aliitikia puani. Chakula alikula peke yake. Dancille alipomuuliza kuna nini, alijibu hakuna kitu.

Walitoka barazani wote, Ajida nyuma. Mume wa mgonjwa aliruka kutoka kwenye benchi. Dokta alimwambia mkewe ataishi, na yule bwana, bila kujua nani ni nani, akaukamata mkono wa Ajida kwa mikono yake miwili akaanza kumshukuru. Alidhani askari waliletwa kulinda chumba. Alimwita muzee, alimwita papa, alimwombea baraka yeye na watoto wake, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya mkono wa Ajida.

Ajida alibaki kama mtu aliyemwagiwa maji.

Dokta hakupoteza nafasi. Alimvuta kando, akamweleza kwamba maombi ya karte ya huyu mwanamke yako kwa direkta wa kazi za wageni tangu zamani, hayajakataliwa wala kukubaliwa, na ofisi iko hapa hapa Himbi. Waende wote wakapate jibu. Jibu likiwa hapana, lori lipo.

Ajida alijipangusa mkono kwenye suruali. Akasema sawa, lakini likiwa hapana hataki kusikia neno la mgonjwa tena.

*

Direkta Buhendwa hakuwa mtu wa kuhongwa. Hilo ndilo lililokuwa baya. Angekuwa mla rushwa, Dokta angejua pa kushika.

Alikuwa mtu mwembamba, nguo safi, meza haina hata vumbi katika mji ambao vumbi jeusi linaingia mpaka ndani ya mayai. Aliwaonyesha viti. Ajida akakataa kukaa, akasimama mlangoni.

Alimuuliza Dancille maswali yake kwa utaratibu. Jina. Kazi. Mahali alipozaliwa. Ndoa. Dancille alijibu kwamba ni mjane, mume alikufa kwa kipindupindu, watoto hawakujaliwa. Direkta alitikisa kichwa kwa heshima. Halafu akaeleza sheria, na aliieleza bila uchungu wala furaha. Karte ya kazi hapewi mgeni kwa sababu ni mtu mwema. Wala hanyimwi kwa sababu ni mbaya. Anapewa kwa kazi ambayo hakuna mwananchi anayeiweza. Swali ni moja tu.

"Goma hii yote, kuna Muzaïrois anaweza kulaza watu kwa upasuaji?"

Dokta alijibu hakuna. Alikuwako mmoja, alikwenda Kinshasa mwaka uliopita hakurudi. Kliniki yake ikimpoteza Dancille itafunga chumba cha upasuaji kesho, na mama kama yule wa leo atafia kwenye pikipiki.

Dancille aliona kalamu ya direkta ikisogea. Aliona wino ukigusa karatasi. Kifua chake kilianza kufunguka.

"Kuna mumoja," Ajida alisema kutoka mlangoni.

Kalamu ikasimama.

Ajida alieleza kwamba yeye hakuja kliniki kwa kubahatisha. Mtu alikuja kwao akawaambia yuko Munyarwanda anayefanya kazi bila karte, anaitwa hivi, anakaa hapa. Na mtu huyo alisema zaidi. Alisema hapo hapo kliniki yuko Muzaïrois anayejua kazi hiyo hiyo, ila nafasi imekaliwa.

"Ni ule binti mwenye kushika taa," alisema Ajida.

 Dokta alianza kusema, akaacha. Dancille alijiuliza. Nani alijua kwamba Katungu anajifunza? Wagonjwa hawakujua. Majirani hawakujua. Masomo yao yalifanyika mlango ukiwa umefungwa.

Direkta Buhendwa aliweka kalamu chini, akaagiza binti aitwe.

Kumngoja kulikuwa kama kungoja hukumu ya ndugu. Dokta alitazama viatu vyake. Nje, kwenye lori lililowafuata, mtoto mchanga alikuwa akilia na mama yake akimwimbia kwa sauti ya chini, wimbo ambao Dancille aliujua tangu utoto na ambao sasa hakutaka kuusikia.

Katungu aliingia amejifunga kitambaa kichwani, macho mekundu. Alimsalimia direkta. Hakumtazama Dancille.

Direkta alimweleza swali, akamwambia aseme kweli, maana uongo mbele yake una adhabu yake.

"Unaweza kulaza mutu?"

"Naweza, Papa Direkta."

Dokta alifumba macho.

Dancille hakufumba. Alikuwa anamtazama yule binti, na kitu kilichomshangaza ni kwamba hakumchukia. Aliikumbuka mikono ile ikitetemeka mara ya kwanza iliposhika sindano. Aliikumbuka ilipoacha kutetemeka, na jinsi yeye, mwalimu, alivyofurahi. Alikuwa amefundisha vizuri. Kumbe alikuwa anachimba kaburi lake mwenyewe.

Direkta alichukua kalamu nyingine, nyekundu. Ajida alivaa kofia yake.

"Kulaza naweza," Katungu alisema tena. "Kuamusha ndiyo sijue bado."

Direkta aliinua uso, akamuuliza maana yake nini.

Katungu alipangusa midomo kwa ncha ya kitambaa. Akaeleza, polepole, kama mtu anayetembea juu ya mawe yenye ncha. Kumlaza mtu, alisema, ni kama kumshusha ndani ya shimo kwa kamba. Hilo yeye ameliona mara nyingi, analiweza. Lakini kumtoa, kujua kamba ivutwe lini na kwa nguvu gani asikatike pumzi njiani, hilo linamshinda. Mama Dancille anajaribu kumfundisha. Bado.

"Kama munamupeleka leo," alisema, "mimi nitakuwa nalaza tu."

Ajida alicheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine aliyecheka.

Dancille alishusha macho yake sakafuni, kwa maana alijua kitu ambacho direkta hakukijua. Binti huyu alikuwa ameamsha wagonjwa wengi kwa mikono yake mwenyewe. Wiki ile ile alikuwa amemwamsha mzee mwenye moyo dhaifu, peke yake, Dancille amekaa pembeni tu akitazama. Dokta naye alijua. Na Dokta alibaki ametazama dirishani kama mtu anayehesabu majani ya mti.

Watu watatu walikuwa wamedanganya mbele ya direkta, na safari hii mmoja tu ndiye aliyefungua kinywa.

 Hatimaye Buhendwa aliandika. Aliandika kwa utulivu, akasoma alichoandika, akachukua mhuri.

Karte itatolewa, alisema. Lakini si karte ya kudumu. Itaishi mpaka mwananchi huyu ajue kuamsha. Kila mwisho wa mwezi Katungu atakuja mbele ya meza hii, ataulizwa swali lile lile. Siku atakayosema anajua, karte imekufa, na mgeni atapanda lori siku hiyo hiyo. Na Dancille akigundulika anamficha elimu makusudi, atapanda lori kabla ya hapo.

"Karte yako, mama, haiko ndani ya mukono yako," direkta alimwambia akimpa. "Iko ndani ya kinywa ya huyu mutoto."

Mhuri ulikuwa bado mbichi. Dancille aliishika kwa pembe isichafuke.

Ajida aliisoma mwenyewe, akaigeuza nyuma, akairudisha. Akasema kwake imetosha. Alipokuwa anashuka ngazi alisimama kidogo kama anayetaka kuongeza neno, lakini neno halikuja, akaenda zake.

Lori liliwashwa. Lilipita mbele yao polepole kwa sababu ya mawe. Watu walikuwa wamesimama wamebanana, mikono imeshika mbao. Dancille aliwatambua wawili watatu: fundi cherehani wa karibu na soko, mwanamke aliyekuwa akifua nguo za tajiri mmoja hapo hapo Himbi, na mwalimu Nsanzimana, mtu wa miwani, aliyefundisha watoto wa wenyeji Kifaransa kwa sahani ya chakula. Mwalimu aliiona karte mkononi mwa Dancille. Hakusema kitu. Aliinamisha kichwa kumpa heko, kama mtu anavyompa heko bibi harusi.

Dancille aliificha karte ndani ya blauzi. Alitamani ardhi impokee.

*

Dokta alitangulia, mgonjwa wake asibaki peke yake. Wanawake wawili wakabaki nyuma, wakitembea kwenye ile barabara ya mawe meusi, ziwa likionekana kati ya kuta za nyumba za wakubwa.

Dancille alitafuta maneno. Mtu aliyekutoa kinywani mwa simba, unamwambia nini? Alimshika Katungu kiwiko, akaanza kumshukuru.

Katungu aliuondoa mkono wake.

"Usinishukuru. Ni mimi niliendaka kwa askari."

Dancille alisimama.

Katungu hakusimama, ikabidi Dancille amfuate ili asikie. Na aliyoyasikia ni haya.

Katungu alikuwa na kaka mmoja, Kambale, dereva wa lori la maharagwe kati ya Rutshuru na Goma. Juma lililopita lori lilikutwa chini kidogo ya Rumangabo, milango wazi, maharagwe yamemwagika, Kambale hayuko. Walioona walisema wenye bunduki walitoka msituni wakisema Kinyarwanda, watu wa kambini. Familia ilikuwa imeanza kilio. Katungu alirudi kazini siku iliyofuata kwa sababu hakujua pengine pa kwenda, na alipoingia tu barazani alimkuta Dancille anacheka na mgonjwa kwa lugha ile ile.

Hakuvua hata kitambaa. Aligeuka pale pale mlangoni akaenda moja kwa moja kwa askari.

"Nilitaka mumoja wenu alipe," alisema. "Yeyote. Wewe ndiye ulikuwa karibu."

Dancille alitaka kusema kwamba yeye na watu wale si kitu kimoja, kwamba aliwakimbia. Lakini alikuwa ameyasema maneno hayo kwa watu wengi sana katika miaka miwili, na sasa kinywani yalikuwa kama majivu. Aliuliza tu kwa nini basi, leo, mbele ya direkta, hakumaliza alichokianza.

Ndipo Katungu aliposimama. Alitazama nyuma, akatazama mbele, akamvuta Dancille kwenye kivuli cha ukuta.

Asubuhi ya leo, kabla ya kazi, mwanamke muuza makala, yale makaa ya kupikia, alikuja kwao. Alitua gunia, na chini ya makala akatoa shati la Kambale. Kambale ni mzima. Wamemfunga msituni nyuma ya kambi, wamempiga, lakini ni mzima. Na watamrudisha kwa kitu kimoja. Mkubwa wao ana jeraha la mguu, umeoza mpaka gotini, lazima ukatwe. Mwenye kukata wanaye. Hawana mwenye kulaza. Aletwe leo, kabla giza halijaingia. Mwanamke wa makala anangoja kwenye njia panda ya Munigi, ana pikipiki.

"Kama ungepanda lile lori, Kambale amekufa," Katungu alisema. "Ni juu ya ile nilidanganya. Haikuwa juu yako."

Dancille alitazama upande wa Munigi. Kurudi kule. Kurudi kwa miguu yake mwenyewe mikononi mwa wale waliomnyamazisha mwenzake karibu na bomba. Alimwambia Katungu hivyo, waziwazi, kwa mara ya kwanza, yote: hospitali, jikoni, bomba la maji. Alimwambia wakimwona hatoki. Kisha akamwambia kinachowezekana. Katungu mwenyewe anaweza kulaza. Na anaweza kuamsha, wote wawili wanalijua hilo. Aende yeye, aokoe kaka yake.

"Nilimuambia vile vile yule mama wa makala," Katungu alijibu. "Nilisema mimi nitakuja. Akakataa. Wamesema hawataki mwingine. Ni wewe, kwa jina."

"Nani anasema?"

"Huyo mukubwa. Anaitwa Havugimana. Anasema bibi yake akuje."

Gari lilipita, likawarushia vumbi. Hakuna aliyejifuta.

Kulikuwa na Havugimana mmoja tu katika maisha ya Dancille. Alikuwa mtunza stoo wa ile hospitali ya mlimani. Ni yeye aliyekuwa na funguo za lango siku wauaji walipofika, na lango halikuvunjwa. Lilifunguliwa. Dancille alilijua hilo tangu usiku ule, akavuka naye mpaka, akapika chakula chake, akalala kando yake chini ya sheeting moja, turubai la plastiki, juu ya mawe, mpaka kipindupindu kilipokuja.

"Huyo ni bwana yangu," alisema. "Alikufa. Kipindupindu ya mwaka wa tisini na ine, kando ya barabara ya Munigi. Nilimufunika mukeka mimi mwenyewe, wakamubeba na wengine."

Katungu alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake hayakukwepa.

"Yule mama alijua utasema vile," alisema. "Akaniambia nikupe maneno ya Havugimana sawa na alivyosema. Anasema watu wa kubeba maiti walimusikia anakohoa, wakamushusha. Anasema hana kesi na wale waliomubeba. Anasema wewe ni muuguzi, na ulimushika shingo kabla ya kumufunika."

Dancille aliegemea ukuta. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinajikunja chenyewe, kinajinyoosha.

Aliikumbuka shingo ile. Ilikuwa imelowa, ngozi imelegea, baridi kama ya samaki. Na chini ya kidole, mbali kabisa, mshipa ulikuwa bado unapiga.